MASHINE YA GOLOLI INAYOTAJA UGONJWA WAKE

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Walisema hivyo juu ya binadamu, lakini maneno yao yanafaa pia kwa mitambo, kwani mitambo mingi huharibika kimyakimya hadi siku inapozimika kabisa, na fundi akaachwa abahatishe. Hata hivyo, ipo mashine moja ambayo haifichi maradhi yake. Ilitengenezwa mjini Chicago, Marekani, kwa ajili ya mchezo tu. Lakini ndani ya sanduku lake mna taa ndogo nyekundu, ndogo kuliko punje ya hindi, ambayo kila mashine inapowashwa hukonyeza kwa hesabu maalumu. Fundi anayejua kuhesabu huambiwa na taa hiyo mahali penye kasoro. Fundi asiyejua kuhesabu huharibu hata vile vilivyokuwa vizima.

Mashine hiyo ni ya mchezo uitwao pinboli. Ni sanduku refu kama meza, lenye miguu minne, na uso wake umeinama kidogo kumwelekea mchezaji na kufunikwa kwa kioo. Mchezaji huvuta mpini wenye springi na kuiachia gololi ya chuma, yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi. Gololi hupanda hadi juu, kisha huteremka ikigonga vizuizi, kengele na shabaha, na kila inapogonga, alama huongezeka. Chini kabisa pana vibawa viwili, ambavyo wachezaji huviita flipa. Mchezaji akibonyeza kitufe ubavuni mwa sanduku, kibawa hupiga na kuirudisha gololi juu. Ikipita katikati ya vibawa hivyo, imepotea.

MCHEZO ULIOPIGWA MARUFUKU

Mwaka 1931 kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa mchezo mdogo wa mezani ulioitwa Baffle Ball, na mwaka uliofuata Raymond Moloney akatoa wake ulioitwa Ballyhoo. Jina la mchezo huo ndilo lililozaa jina la kampuni yake, Bally. Ulikuwa wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na watu wasio na kazi waliweza kujiburudisha kwa sarafu moja ndogo. Lakini michezo hiyo ya kwanza haikuwa na vibawa. Gololi ikisharushwa, mchezaji alibaki mtazamaji tu, na kwa sababu hiyo wakubwa wengi waliihesabu kuwa kamari.

Mnamo Januari 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliipiga marufuku pinboli katika mji wake. Polisi waliingia madukani na katika vilabu, wakazikamata mashine kwa maelfu, na nyingine zikavunjwa kwa nyundo kubwa mbele ya wapiga picha. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30. Wakati huohuo mchezo wenyewe ulikuwa ukibadilika. Mwaka 1947 Gottlieb walitoa mashine ya Humpty Dumpty, ya kwanza kuwa na vibawa vinavyoendeshwa kwa umeme, na tangu hapo ustadi wa mkono ukaanza kushinda bahati. Mwaka 1976 mwandishi Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani wa New York, akawatajia mapema njia ambayo gololi itapita, na gololi ikapita papo hapo. Madiwani waliridhika kwamba huo ni mchezo wa ustadi, na marufuku ikaondolewa.

KOMPYUTA YAINGIA SANDUKUNI

Hadi kufikia miaka hiyo ya katikati ya 1970, ndani ya mashine ya pinboli mlikuwa na nyaya nyingi, swichi za shaba, na rilei zilizolia tak-tak kila gololi ilipogonga kitu. Fundi aliweza kuona kwa macho yake kilichokwama. Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 1977 Bally walitoa mashine iliyoitwa Eight Ball, yenye picha za mchezo wa biliadi, nazo zikauzwa zaidi ya 20,000. Badala ya rilei, ubongo wake ulikuwa chipu moja aina ya Motorola 6800, na alama zilisomwa kwa tarakimu za rangi ya machungwa zilizowaka ndani ya vioo. Iliweza hata kukumbuka, kwa kila mchezaji, mipira ya biliadi aliyokwisha kuikusanya, na zamu yake iliporudi aliendelea alipoishia.

Mabadiliko hayo yaliwatia hofu mafundi wa zamani. Rilei iliyoungua huonekana, lakini chipu iliyokufa na chipu iliyo hai zafanana kama mapacha. Wahandisi wa Bally walilijua tatizo hilo. Ndipo wakaiandikia kompyuta programu ya kujipima yenyewe, na kando yake wakaweka ile taa nyekundu.

Leo mashine hizo zimekuwa vizee. Bally waliiuza biashara yao ya pinboli kwa kampuni ya Williams mwaka 1988, na Williams nao wakaacha kutengeneza pinboli mwaka 1999. Hakuna kiwanda kinachofyatua tena bodi zile za asili. Mashine iliyouawa na fundi mwenye pupa ndiyo imekwisha, ama itabidi kutafutiwa bodi za kuigiza kwa fedha nyingi. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuitafuta kasoro yake si swali dogo kwa mwenye mali.

UHAI KWANZA

Kabla ya kuhesabu mikonyezo ya taa, fundi hana budi kujihesabia vidole vyake. Pinboli huonekana kama mchezo wa watoto, lakini ndani yake mna umeme wa aina nyingi. Umeme wa ukutani, ambao Marekani ni volti 120 na Afrika Mashariki ni 240 hivi, huingia katika transfoma kubwa. Transfoma huugawa: volti tano kwa kompyuta, volti sita hivi kwa balbu za kupamba, volti 43 kwa koili zinazopiga gololi, na volti 190 kwa vioo vya tarakimu.

Volti hizo 190 hupita katika bodi iliyo wazi, pembeni mwa nyaya ambazo fundi huzishika kila mara. Tena kapasita ya sehemu hiyo inaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa sababu hiyo mafundi wazoefu hufuata desturi ileile siku zote. Huzima swichi na kuchomoa plagi, husubiri dakika kadhaa, kisha hupima kwa mita kuhakikisha kwamba umeme umekwisha. Ndipo hugusa. Na inapobidi kupima mashine ikiwa imewashwa, hutumia mkono mmoja, huvua pete na saa, na hawaruhusu mtoto kusimama karibu.

Jambo jingine ni plagi yenyewe. Mashine nyingi za zamani zimepita katika mikono mingi, na mara nyingine mguu wa ardhi wa plagi umekatwa ili iingie katika tundu la miguu miwili. Mlango wa sarafu na miguu ya mashine ni chuma. Waya mmoja ukichubuka na kugusa chuma hicho, mchezaji atakayeweka mkono wake hapo anaweza kuuawa. Kazi ya kwanza ya fundi, hata kabla ya kuuliza mashine inaugua nini, ni kuurudisha mguu huo wa ardhi.

MIKONYEZO SABA

Mashine ikishakuwa salama, mlango wa sanduku la nyuma hufunguliwa. Ndani huonekana bodi kadhaa, kila moja na kazi yake: bodi ya kompyuta, bodi ya taa, bodi ya koili, na bodi ya kugawa umeme. Mashine ikiwashwa, macho ya fundi huelekezwa kwenye taa nyekundu ya bodi ya kompyuta, wala si kwingineko.

Kwanza taa hupepesa upesi sana. Hiyo ni ishara kwamba ubongo umeamka na kuanza kusoma maagizo. Baada ya hapo hukonyeza polepole, na kila mkonyezo ni taarifa ya jaribio lililofaulu.

Mkonyezo wa kwanza husema kwamba chipu zinazotunza programu zimesomwa na hesabu zake ni sahihi. Mkonyezo wa pili husema kwamba kumbukumbu ya muda, ambayo kompyuta huitumia kama ubao wa kuandikia na kufuta, ni nzima. Wa tatu ni wa kumbukumbu nyingine, ile inayolindwa na betri ili alama za juu zisipotee mashine inapozimwa. Wa nne na wa tano ni wa chipu mbili zinazofanya kazi ya matarishi, yaani kupeleka amri nje na kuleta habari ndani. Wa sita ni wa sakiti ndogo inayopiga mapigo ya kuziendesha tarakimu. Wa saba husema kwamba umeme wa volti 43 wa koili umefika, na kwamba kompyuta inaona kupanda na kushuka kwake. Taa ikishakonyeza mara saba, mashine hupiga sauti yake na kuwa tayari kwa mchezo.

Taa ikikoma kabla ya saba, jaribio linalofuata ndilo lililoshindwa. Ikikonyeza mara moja tu, fundi huitazama kumbukumbu ya muda. Ikikonyeza mara tatu, humtazama tarishi wa kwanza. Na ikiwaka bila kuzima wala kukonyeza, maana yake ubongo haujaamka kabisa.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wakiona ubongo haujaamka, hung'oa ubongo. Lakini mtu asiyeamka si lazima awe mgonjwa wa kichwa, pengine hajala. Fundi mwenye busara hupima kwanza chakula cha kompyuta, yaani zile volti tano. Zikiwa kati ya 4.9 na 5.2, chakula kinatosha. Zikiwa 4.6 au 4.7, kompyuta hupatwa na kizunguzungu, na hakuna chipu mpya itakayoisaidia. Mara nyingi chanzo huwa ni kapasita kubwa ya kuchuja umeme, ambayo imezeeka kwa miaka zaidi ya 40, au pini za kiunganishi zilizoungua na kuwa nyeusi, au risasi ya kulehemu iliyopasuka kwa mtikisiko wa wachezaji. Ufa huo huwa mwembamba kama unywele, nao huonekana kwa kioo cha kukuzia. Tiba yake ni kulehemu upya kwa dakika moja.

KISA CHA MKONYEZO WA SITA

Mfano mmoja hutokea mara kwa mara na unatosha kuonyesha thamani ya kuhesabu. Mashine imewashwa, taa zake za mapambo zinang'aa, lakini haikubali sarafu wala haianzi mchezo. Fundi wa kwanza hufungua sanduku, haoni kilichoungua, na hukata shauri kwamba kompyuta imekufa. Hung'oa chipu moja baada ya nyingine, na kwa kuwa miguu ya chipu za zamani ni dhaifu, miwili mitatu hukatika. Jioni humwambia mwenye mali kwamba bodi haifai tena. Sasa neno hilo limekuwa kweli, maana ameliumba yeye mwenyewe.

Fundi wa pili huwasha, huangalia taa nyekundu, na huhesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kimya. Sita maana yake ni kwamba programu, kumbukumbu, matarishi na mapigo ya tarakimu vyote ni vizima. Kinachokosekana ni volti 43 tu. Umeme huo haukutulizwa kwa kapasita. Hupanda na kushuka mara 120 kila sekunde kwa umeme wa Marekani, na mara 100 kwa umeme wa nchi zetu, na kompyuta huutumia kama saa ya kupangia kazi. Usipofika, kompyuta husimama ikiungoja. Kwa hiyo fundi huyo huchomoa plagi, huenda kwenye bodi ya kugawa umeme, na hutoa fyuzi ya koili. Hailinganishi kwa macho, kwani fyuzi yaweza kuonekana nzima ilhali imekatika ndani ya kifuniko chake. Huipima kwa mita. Fyuzi imekatika. Huweka nyingine ya ampea zilezile, na taa hukonyeza mara saba.

Fundi hao wawili walikuwa na mashine ileile na kasoro ileile, na tofauti yao ilikuwa ni kuhesabu.

Hata hivyo kazi ya fundi wa pili haijakwisha. Fyuzi haikatiki bure. Ni kama askari wa zamu aliyepiga filimbi: kumbadilisha askari hakumfukuzi mwizi. Fyuzi mpya ikikatika tena, fundi hutafuta kilichoikata. Hapo ndipo watu wengine huchoka, wakaweka fyuzi ya ampea 20 palipoandikwa tano, au wakaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mashine huwaka, na baadaye huwaka kwa maana ya pili, yaani kwa moto. Sanduku la pinboli ni la mbao.

BETRI NDOGO, MSIBA MKUBWA

Katika maadui wote wa mashine hizi, aliye mbaya kuliko wote ni mdogo na mpole wa sura. Ni betri ya volti 3.6 iliyolehemiwa juu ya bodi ya kompyuta ili kutunza alama za juu wakati mashine imezimwa. Ni betri ya kuchajika, yenye madini ya nikeli na kadimi. Ilikusudiwa kudumu miaka michache, lakini katika mashine nyingi iliachwa humo miongo mizima.

Betri ikizeeka huvuja. Maji yake hayana rangi ya kutisha, lakini hula shaba. Hutambaa juu ya bodi, huingia chini ya soketi za chipu, na huacha kutu ya kijani na unga wa kijivu. Kwa bahati mbaya, jirani na betri hiyo ndipo penye sakiti ya kuuamsha ubongo, na ndiyo sababu mashine nyingi zilizolala stoo miaka mingi hushindwa kuamka. Mwenye mali aliifunika kwa shuka, akaitunza isipate vumbi, kumbe mharibifu alikuwa ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tiba inategemea ugonjwa ulivyoenea. Kwanza betri hukatwa na kutolewa, hata kama bado haijavuja. Kwa kuwa maji yake ni ya namna ya magadi makali, huuliwa nguvu kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na bodi husuguliwa taratibu kwa mswaki laini. Baadaye huoshwa kwa maji safi, kisha kwa spiriti, na kuachwa ikauke kabisa. Njia za shaba zilizoliwa huungwa kwa waya mwembamba, na soketi zilizooza hubadilishwa zote. Soketi iliyokwangulia leo itaoza tena mwakani. Yote haya hufanywa dirishani au nje penye hewa, na mikono ikiwa imevaa glavu, kwani kadimi ni sumu.

Badala ya betri ya zamani, mafundi wa leo huweka kibebeo cha betri za kawaida mbali na bodi, wakiunganisha kwa nyaya ndefu, ili zikivuja zisidhuru kitu. Wengine hutumia betri ya lithiamu ya duara kama kifungo cha koti. Kwa njia zote hizo mbili hapana budi kuweka dayodi, ambayo ni mlango wa kupita upande mmoja tu, kwa sababu bodi hiyo ilizoea kuichaji betri yake, na betri isiyochajika ikilazimishwa kuchajiwa yaweza kupasuka. Aliye radhi kupoteza alama za juu anaweza kutoweka betri yoyote, na mashine itacheza vilevile.

KOILI ISIYOACHIA

Kasoro nyingine hujitangaza kwa moshi. Koili ni waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita huwa sumaku na kuvuta kipande cha chuma. Kazi yake ni kupiga mara moja na kuachia, kama ngumi. Koili ya kurusha gololi au kugonga kengele haikuumbwa kushika muda mrefu. Ikishika, hupata moto, karatasi yake hugeuka kahawia, na harufu kali hujaa chumbani.

Atakayeiona hali hiyo azime mashine mara moja bila kungoja mchezo uishe. Mara nyingi kosa si la koili bali la transista inayoiamuru, iliyo kwenye bodi ya koili, ambayo imeungana ndani kwa ndani na kuruhusu umeme upite muda wote. Fundi asiyejua hubadilisha koili tu, na koili mpya huungua kama ya kwanza. Anayejua hupima vyote viwili, kisha huuliza swali la tatu: ni nini kilichoiua transista? Kila koili ina dayodi ndogo iliyolehemiwa miguuni pake. Koili inapoachia, hurudisha pigo kali la umeme, na dayodi hulimeza pigo hilo. Mguu wa dayodi ukikatika, pigo huiendea transista na kuiua. Kwa hiyo dayodi ya senti chache huzaa kifo cha transista, na transista huzaa kifo cha koili.

Vibawa vina siri yao peke yake. Koili ya kibawa ina nyaya za namna mbili: mnene wa kupiga kwa nguvu, na mwembamba wa kushikilia. Kibawa kinapofika mwisho wa safari yake hufungua swichi ndogo, na nguvu ya koili hupunguzwa ili isiungue mchezaji anapoendelea kushika kitufe. Swichi hiyo ikiwa chafu, kibawa hupiga kinyonge kama mkono wa mgonjwa. Isipofunguka kabisa, koili huungua. Ndiyo maana fundi akiletewa lalamiko la kibawa dhaifu, huitazama swichi hiyo kabla ya kununua koili.

SWICHI INAYOSEMA UONGO

Nyuma ya mlango wa sarafu pana kitufe kidogo cha majaribio. Kikibonyezwa mara ya kwanza, taa zote zinazotawaliwa na kompyuta huwaka na kuzima pamoja, na iliyokufa hujulikana. Mara ya pili, tarakimu zote huhesabu kutoka 0 hadi 9. Mara ya tatu, koili hupiga moja baada ya nyingine, na namba ya kila moja huandikwa. Mwishoni kompyuta hutaja namba ya swichi yoyote iliyokwama. Gololi hutolewa kabla ya jaribio hilo la mwisho, kwani gololi iliyolala mahali pake hufunga swichi yake na kuisingizia kosa.

Swichi za kompyuta hazina waya mmojammoja hadi kwenye ubongo. Zimepangwa kwa safu na mistari, kama nyumba za kambi, na kila moja ina dayodi yake. Dayodi moja ikifa, habari huchanganyika: gololi hugonga shabaha hii, na alama huandikwa kwa jina la shabaha ile. Mashine inayotoa alama za ajabu si lazima iwe imerogwa wala kompyuta yake kuharibika. Mara nyingi ni swichi moja iliyopinda au dayodi moja iliyokatika.

Namna ya kusafisha nayo ina sheria. Swichi za vibawa, zinazopitisha umeme mkubwa, zina ncha ngumu na zaweza kusuguliwa kwa tupa nyembamba. Swichi za kompyuta zina ncha zilizopakwa dhahabu kidogo sana, na tupa huiondoa dhahabu hiyo mara moja. Hizo husafishwa kwa kupitisha kipande cha kadi safi kati ya ncha mbili, huku zikibanwa kidogo kwa vidole. Kadi hutoka na alama nyeusi, na swichi hupona.

FUNZO LA NYUMBANI

Si kila nyumba yenye mashine ya pinboli, lakini kila nyumba ina redio, tochi, au saa ya ukutani. Fundi wa Chicago na mama wa nyumbani wana adui mmoja. Betri iliyoachwa ndani ya tochi isiyotumika huvuja na kuila springi, sawasawa na ile iliyoila bodi ya Eight Ball. Chombo kitakachokaa wiki kadhaa bila kazi na kitolewe betri leo. Fyuzi iliyokatika na ibadilishwe kwa ya namba ileile, na ikikatika tena chombo kipelekwe kwa fundi, kwa kuwa karatasi ya fedha haizuii moto. Na kabla ya kusema kwamba chombo kimekufa, kiangaliwe kwanza kama kimepata umeme: plagi, waya, swichi, fyuzi, kwa utaratibu huo.

Askari wa mawasiliano na fundi wa gari la kikosi wanaijua tayari kanuni hii, kwani gari lisilowaka haling'olewi injini kabla ya kutazamwa betri na mafuta. Wahandisi waliounda ile taa nyekundu waliiandika kanuni hiyohiyo ndani ya mashine ya mchezo, wakaipa hesabu ya saba. Ipo hadi leo katika mashine zilizosalia, na kila zinapowashwa huisoma tena tangu mwanzo. Anayetaka kuziponya, kazi yake ya kwanza ni kuketi mbele ya taa hiyo na kuhesabu.